Kigari cha Meneja

Meneja alikuwa na meno mawili tu, yote ya chini, lakini nyumba nzima ilikuwa chini ya amri yake. Akitaka kulala, redio inazimwa. Akitaka kukesha, hakuna anayefumba jicho. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, siku aliporudi kutoka zamu akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, akamkuta mwanawe amekaa katikati ya kitanda, uso kaukunja.

"Haya, Meneja," akamwambia, "nimechelewa, najua. Utanikata mshahara?"

Jina likaganda.

Aliyepokea amri za Meneja kabla ya watu wengine wote alikuwa mama yake mdogo, yaani mdogo wake mama. Mtaani walimwita Kimya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kuona kila kitu na mdomo wa kufunguka kwa nadra. Angeweza kwenda dukani, akanyoosha kidole kwenye sabuni, akaipokea na kurudi nyumbani bila kutumia neno hata moja. Muuza duka alisema kumsikia Kimya akiongea ni kama kunyeshewa na mvua ya kiangazi: unamwita jirani aje ashuhudie.

Shule aliiachia darasa la tano, mama yao alipougua. Hakuna aliyemwambia aache. Kiti chake tu kilikaa kitupu siku nyingi, mwisho kikapewa mtu mwingine. Mama alipofariki, dada alimchukua akae naye, na Meneja alipozaliwa, kazi ikapatikana ya kumjaza asubuhi zote: dada anatoka alfajiri, anarudi mchana, na katikati hapo mtoto ni wa mama mdogo.

Sasa, nyuma ya tangi la maji kulikuwa na ukumbi wenye bati la kijani, na ndani yake darasa la mchana la watu walioiacha shule njiani. Mchana, dada akiwa amepumzika, Kimya alikuwa akipita pale na mtoto, anachungulia. Aliwaona watu wazima wenye ndevu wamebanwa kwenye madawati ya watoto, wanauma kalamu. Aliona pia kiti kimoja karibu na dirisha ambacho kilikuwa hakina mtu. Kile kiti kilimkaa moyoni kama wimbo. Lakini hakikuwa cha bure. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, hakuwa akimpokea mtu bila mtihani wa kuingilia. Ukifeli, unasubiri mwaka mzima.

Kimya alizunguka na maneno yake mdomoni kwa siku kadhaa, mpaka mchana mmoja akayatema.

"Dada. Nataka kurudi kusoma."

Dada alikuwa amekaa kizingitini anajikanda nyayo. Aligeuka upesi. "Eh! Mdogo wangu, umenishtua. Nilidhani umeungua."

"Mchana. Wewe ukiwa umerudi."

"Mchana sawa, sikukatalii. Na kujiandaa utajiandaa saa ngapi? Asubuhi yako yote ina mwenyewe."

"Nitajiandaa naye."

"Naye? Huyu anayelia hata akiona soksi?" Dada akacheka mpaka unga ukamdondoka. Halafu akaona mdogo wake hacheki, akaacha. "Haya, jaribu. Ila ukimfundisha hesabu, usimfundishe kujumlisha. Ataanza kunidai."

Mwalimu aliwatajia wote wanaojiandaa masomo ya mtihani: hisabati, sayansi, jiografia, historia na lugha. Akamwazima Kimya kitabu kimoja kizee kilichokwisha kupoteza jalada. Kimya akakifunga kwenye mpini wa kigari kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili asome huku akisukuma.

Kigari chenyewe kilihitaji maelezo. Kilitengenezwa na fundi baiskeli wa pale kona, mzee mcheshi aliyeitwa Mzee Spoku kwa miguu yake myembamba kama spoku za gurudumu. Mwili wake ulikuwa sanduku la mbao, mpini ulikuwa usukani wa baiskeli, nyuma kulikuwa na magurudumu mawili makubwa ya baiskeli ya mtoto, na mbele gurudumu moja dogo lililotoka Mungu ajua wapi. Hilo dogo ndilo lililokuwa na kelele. Kila likizunguka mara moja, kwi! Kila likizunguka, kwi! Watu walikereka, lakini Meneja hakulala bila hiyo sauti. Mweke kitandani, atapiga yowe. Mweke kwenye kigari, ukisukuma hatua chache tu, kope zinaanza kulegea.

Mpango wa kitabu haukudumu. Siku ya kwanza tu, Kimya alipoinua kichwa kupisha mkokoteni, Meneja alinyoosha mkono, akararua ukurasa, akautia mdomoni. Kimya alimtoa kipande kimoja kimoja, lakini vingine vilikuwa vimekwenda. Ulikuwa ukurasa wa safari ya chakula tumboni. Kesho yake asubuhi Meneja akalitoa jibu lote kwa vitendo, na Kimya akalifua.

Kuanzia hapo kitabu kikabaki nyumbani, juu ya kabati, kinasomwa kwa kuibiwa dakika. Barabarani Kimya alitoka na macho yake tu. Na macho hayo, kama nilivyosema, hayakuwa mavivu.

Alianza na kile kilichokuwa karibu, nacho ni makelele. Aligundua kwamba akihesabu kwi na kutamka jibu kila ya saba, anapata saba, kumi na nne, ishirini na moja, mpaka anafika kwenye kona ya Mzee Spoku akiwa na jedwali zima. Kesho yake anachukua la nane. Siku nyingine alifunga uzi mwekundu kwenye gurudumu kubwa, akaona kwamba dogo linalia mara tatu ndipo kubwa limalize mzunguko mmoja. Alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni, akiwaza juu ya jambo hilo mpaka mwenye mkokoteni akamfokea.

Sayansi ilikuwa kwa fundi cherehani. Fundi huyo, kabla ya kupiga pasi, alikuwa anachovya kidole kwenye maji na kuigusa pasi, tsss, maji yanapotea hewani. "Meneja, umeona?" Kimya alinong'ona. "Yale maji hayajafa. Yamekuwa mvuke." Meneja alipuliza mate, kuonyesha kwamba ameelewa.

Mvua ikinyesha usiku, jiografia ilikuwa inawasubiri mtaroni. Vijito vidogo vinashuka kutoka kila uani, vinaungana, vinachimba kingo, na pale chini mtaro unapotanuka vinamwaga mchanga kwa umbo la kipepeo. Kimya alimwinua mtoto aone chanzo, matawi na mdomo wa mto. Jirani mmoja akapita, akamkuta msichana na mtoto wameinamia maji machafu kwa heshima kubwa. Akauliza kama wamedondosha kitu.

Historia aliipata kwa kusikiliza ugomvi. Ukuta wa ghala la nafaka ulikuwa unabanduka rangi: buluu juu, kijani chini yake, nyeupe chini kabisa. Fundi cherehani na mlinzi wa ghala walibishana asubuhi baada ya asubuhi: wakati wa rangi nyeupe palikuwa posta au palikuwa zizi la ng'ombe wa maziwa? Kimya alipunguza mwendo akipita hapo, anarudi, anapita tena. Meneja akalala mara mbili zaidi kuliko alivyozoea.

Hayo yote alimwambia mtoto peke yake. Ndiyo maajabu yenyewe: kwa Meneja mdomo ulifunguka kama bomba. Akitokea mtu mzima, bomba linafungwa. Mzee Spoku aliwahi kumvizia nyuma ya fremu ya baiskeli amsikie, na Kimya alipomwona akanyamaza katikati ya neno.

"Malizia basi, mwanangu! Mto unaingia wapi? Umeniachia mto hewani!"

Kimya akatabasamu, akasukuma. Kwi, kwi, kwi.

Mtihani ukapangwa kuwa asubuhi, kwa sababu mchana ukumbi ulikuwa na wanafunzi wake. Asubuhi ni ya Meneja. Dada aliomba ruhusa kiwandani, akarudi amenuna.

"Msimamizi ameniangalia kama nimemwomba tanuri nije nalo nyumbani."

Ikabidi Kimya aende kwa Mwalimu, akasema mlangoni maneno manne: "Nina mtoto wa kulea."

"Njoo naye," alisema Mwalimu. "Lakini awe nje, na awe na mtu. Akivuruga mtihani wa wenzako, nitakutoa. Sitafurahi, ila nitakutoa."

Mzee Spoku ndiye aliyejitolea. Alifunga kibanda chake, akavaa shati la kola, akapokea kigari getini kama mtu aliyekabidhiwa gari la serikali. "Nenda kaandike, mwanangu. Mimi na Meneja tutazunguka uwanja huu kistaarabu. Hutasikia hata chembe."

Kimya aliingia, na kile kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Akakalia.

Hapo ndipo mambo yalipomgeuka. Kiti alichokiota kilikuwa kigumu na kilikuwa hakiendi popote. Alisoma swali la kwanza. Akalisoma tena. Saba mara nane. Alilijua, jamani, alikuwa analipita kila asubuhi karibu na duka la sabuni! Lakini hapa hapakuwa na duka, hapakuwa na pasi inayosema tsss, miguu ilikuwa imening'inia chini ya dawati haijui inaelekea wapi. Kila alichokijua alikuwa amekiweka barabarani, naye ameingia ndani mikono mitupu. Alitega sikio angalau asikie kwi ya kumwanzishia. Uwanja ulikuwa kimya kabisa.

Kimya hicho hakikukaa. Kilipasuliwa na yowe la Meneja.

"Meneja, bwana," sauti ya Mzee Spoku ilisikika, "tafadhali, tuelewane kiume!"

Yowe likapanda. Vichwa vikainuka. Mwalimu akavua miwani. "Ni yule mtoto wako?"

Watu wote wakageuka, na Kimya akahisi masikio yanawaka. "Wa dada yangu," alisema.

"Toka ukamtulize. Asipotulia upesi, tutaonana mwakani."

Alitoka mbio. Mzee Spoku alikuwa anasukuma huku jasho linamtoka, na kigari kinateleza bila sauti, laini kama samli. Meneja alikuwa macho mekundu, mdomo wazi, meno mawili yote yanaonekana.

"Mzee, gurudumu limekuwaje?"

"Aa, hilo!" Mzee Spoku akatabasamu katikati ya balaa. "Nikajisemea, watu wako kwenye mtihani, nitazungukaje na makelele? Nimelitia mafuta ulipoingia tu, kichupa nilikuwa nacho mfukoni. Mafuta mazuri, yale ya cherehani. Sasa hivi hata nzi halisikii." Halafu akaona uso wake. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Mzee wangu, ile kelele ndiyo bembelezo lake."

Mzee Spoku akakaa chini kwenye jiwe.

Kimya alishika mpini, akasukuma mpaka mwisho wa uwanja. Yowe. Akarudi. Yowe. Madirishani sura zilikuwa zimejaa: kinyozi wa barabara kuu, wanawake wawili wenye vilemba, kijana mwenye koti, na katikati yao miwani ya Mwalimu. Alikiona kiti chake kupitia dirisha, karatasi nyeupe juu ya dawati. Mwaka mzima. Angerudi kupita nje ya ukumbi huu mwaka mzima, akichungulia.

Akafumba macho. Akafumbua mdomo.

"Kwi," alisema.

Meneja akakata yowe katikati, akamtazama.

"Kwi. Kwi. Kwi." Ilibidi iwe kwa sauti, kwani mtoto alikuwa bado ana kwikwi za kwake. "Kwi! Kwi! Kwi! Saba!"

Hakuwa amepanga kusema saba. Saba ilitoka yenyewe, kama ilivyozoea kutoka kila asubuhi, na nyuma yake wakaja wenzake. "Kwi, kwi, kwi, kumi na nne!" Akageuka kwenye kona ya uwanja. Ishirini na moja. Miguu ilikuwa imepata barabara yake. Alipofika kwenye bomba la uani aliona maji yamechora kijito mchangani, akasema chanzo, matawi, mdomo wa mto. Alipokanyaga kivuli cha tangi akasema jua liko mashariki, kivuli kinaanguka magharibi. Kope za Meneja zikaanza kulegea. "Kwi, kwi, hamsini na sita!"

"Binti!" kinyozi aliita kutoka dirishani. "Hebu rudia hapo kwenye saba mara nane!"

"Kinyozi! Macho kwenye karatasi!" Mwalimu alikuwa tayari ametoka nje, na mkono ameuweka mdomoni, na haikujulikana kama anakasirika au anaficha kitu. "Na wewe binti, simama hapo! Ukiendelea hivi darasa zima litafaulu, na mimi sina viti."

Kicheko kikapiga bati la ukumbi. Kimya akasimama. Meneja akafumbua jicho moja, akaanza kukusanya pumzi.

"Usisimame basi!" akasema Mwalimu upesi. "Sukuma!"

Akatembea naye sambamba, anawaza. Mwisho akasema, polepole, kama anayejihojia mwenyewe: "Unatakiwa uandike mwenyewe, usisaidiwe na mtu, na niwe nakuona. Sijawahi kumwambia mtu kwamba lazima awe amekaa." Akapaza sauti. "Mzee! Acha kuomboleza hapo, niletee ubao ule mdogo ulioegemea ukuta!"

Ubao ukalazwa juu ya kigari, upande wa mpini, karatasi ikabanwa kwa jiwe dogo. Mwalimu akavuta kiti chake mpaka mlangoni, jicho moja ndani, jicho moja barazani. Kimya akapewa baraza nzima, toka nguzo hadi nguzo. Majibu moyoni, kwi mdomoni, ndiyo yalikuwa masharti.

Tatizo likabaki moja: akiinama kuandika, kwi inakatika. Hapo Mzee Spoku akasimama, akavuta kola ya shati lake, akajitokeza.

"Mwalimu, kosa ni langu. Niruhusu nilie badala ya gurudumu."

"Wewe mzee unayajua majibu?"

"Mwalimu, mimi najua kwi tu."

"Endelea."

Basi asubuhi ile, mzee mzima mwenye shati la kola alitembea nyuma ya kigari, mikono mgongoni, akilia kwi, kwi, kwi kwa uaminifu wote, na mbele yake msichana anasukuma, anasimama, anaandika, anasukuma tena. Kwenye sayansi Meneja alikuwa anasinzia. Kwenye historia alikuwa amelala fofofo. Mzee Spoku hakuthubutu kuacha mpaka karatasi zilipokusanywa, na jioni ile alizungumza kwa ishara kama Kimya wa zamani.

Matokeo Mwalimu aliyasema mlangoni, mtu mmoja mmoja. Kinyozi alipita kwa upenyo wa mlango, kama alivyosema mwenyewe, yaani chupuchupu. Kimya alipofika, Mwalimu alishika karatasi yake mbali kidogo na miwani.

"Jiografia safi. Hisabati safi. Lugha, jitahidi kuweka nukta, watu wanahitaji kupumua. Kwenye historia nimekuuliza kuhusu wafalme, wewe umenijibu kuhusu rangi za ukuta wa ghala na posta iliyokuwa pale. Sikuuliza hilo." Akakunja karatasi. "Lakini nimekwenda kuutazama ule ukuta. Kiti chako ni kile cha dirishani."

Kimya alikimbia nyumbani huku kigari kinaruka mashimo, na Meneja anacheka kila shimo. Dada alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini. Alimtazama mdogo wake usoni mara moja, akamkumbatia kabla hajaambiwa, na wote watatu wakawa weupe kwa unga.

Gurudumu lilikataa kurudia ubaya wake. Mzee Spoku alilimwagia mchanga, akalichovya majini, akaliacha nje likutane na umande. "Maisha yangu yote natengeneza," alilalamika, "leo naambiwa niharibu, nashindwa!" Mafuta yake ya cherehani yalikuwa mazuri kweli.

Kwa hiyo mchana wa kwanza wa darasa, Kimya akiwa kitini, kidole gumba cha mguu kinatembea peke yake chini ya dawati, sauti ilianza kusikika kutoka upande wa tangi la maji. Ilikuwa ya mwanamke aliyechoka.

"Kwi, kwi, kwi... lala, baba... kwi... mimi nimesimama tangu alfajiri, halafu nije niwe gurudumu... kwi, kwi..."

Darasa likaanza kucheka chinichini. Mwalimu akagonga ubao.

"Saba mara nane? Si wewe, kinyozi. Mwingine."

Mkono uliopanda karibu na dirisha ulikuwa mrefu na mwembamba.

"Hamsini na sita," alisema Kimya, na alisema kwa sauti ya kufika barabarani.

Huko barabarani, dada akaacha kusukuma. Kwi ikakatika. Halafu, kutoka ndani ya sanduku la mbao, ikapanda sauti nyingine, nyembamba, ya mtu mwenye meno mawili ambaye mpaka siku ile hakuwa amewahi kutamka neno.

"Kwi!" alisema Meneja.